Mpira wa Shingoni

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa ya mwezi wa tatu, saa tano na kitu asubuhi. Hospitali wana siku yao nyingine, Jumatano ya wiki iliyofuata, mke wangu alipoanza kutetemeka. Hiyo ndiyo wanayoirudia kwenye mazungumzo yao, kana kwamba kabla ya hapo hapakuwa na siku. Jumanne yangu hawaijui. Siku hiyo mke wangu alikuwa na nafuu kuliko wakati wowote tangu tufike pale. Alikuwa amekaa kitandani, mto mgongoni, anamsema muuguzi kwa ajili ya nywele zake.

"Nani kakusuka hivi, mwanangu? Mlikuwa na ugomvi?"

"Nimejisuka mwenyewe, mama."

"Basi kajiombe radhi. Nikitoka hapa uje nikufumue nianze upya. Kichwa kizuri hivyo kukifanyia mambo haya!"

Muuguzi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Tulimwita Dada Haraka, kwa sababu alikuwa hatembei, anapepea. Wodi nzima ya waliopasuliwa walikuwa wawili tu wa kuihudumia, yeye na mwenzake, na mwenzake mara nyingi aliitwa chumba cha upasuaji akabaki peke yake. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakuwa na haraka nacho kabisa.

Mke wangu alikuwa msusi, mimi ni fundi wa rangi za magari. Utumbo wake ulijisokota, wakamfungua, wakakata kipande, wakaunga. Ule muungo ukavuja ndani kwa ndani, wakamfungua mara ya pili. Baada ya hapo wakamkataza kula hata kijiko cha uji. Chakula chake kikawa kinaingizwa kwenye mshipa: mfuko wa kimiminika cheupe, kinashuka kwenye mpira mwembamba uliochomekwa shingoni upande wa kulia, ukaenda ndani mpaka karibu na moyo. Nje, juu ya ngozi, mpira ule ulikuwa na midomo mitatu inayoning'inia, kila mmoja na kifuniko chake cha kuzungusha. Mmoja wa chakula, mmoja wa dawa, mmoja wa kuchotea damu.

Na hapo ndipo Dada Haraka alipokuwa anasahau haraka zake. Kabla ya kuunganisha kitu chochote kwenye midomo ile, alikuwa anachukua pamba yenye spiriti na kusugua mdomo, anauzungusha, anausugua huku midomo yake mwenyewe inahesabu kimyakimya. Halafu anasubiri ukauke. Hata kengele ikilia kitanda cha pili, anasubiri ukauke.

"Unapika nini hapo?" mke wangu alikuwa akimuuliza.

"Nafunga mlango, mama. Wezi ni wadogo, hawaonekani."

Sasa Jumanne ile, mpira wa kwanza ulikuwa umeziba na ulitakiwa kubadilishwa. Ikaangukia siku ambayo Mkurugenzi wa hospitali alikuwa analeta wageni wodini. Walikuja kundi zima, suti na viatu vinavyolia kwenye sakafu, mpiga picha mbele yao anatembea kinyumenyume, karibu aanguke kwenye ndoo ya kudekia. Walileta maboksi ya mipira mipya. Daktari aliyempasua mke wangu alikuwa katikati yao, ameshika mpira mmoja ndani ya karatasi yake ya plastiki inayoonyesha ndani.

Niliuona kabla hajasema neno. Mpira ule wa kwanza wa mke wangu ulikuwa mweupe. Huu ulikuwa na rangi ya tofali, rangi ya praima ile ninayoipiga kwenye bati kabla ya kitu kingine chochote. Mimi nimezeeka ndani ya rangi. Gari likipita barabarani najua kama mlango wake umerudiwa rangi na kama aliyeurudia alikuwa na njaa siku hiyo. Nikasogea.

Mkurugenzi alianza kuzungumza, anaangalia kamera. "Mipira hii imepakwa dawa. Kijidudu kikiigusa, kinakufa. Wagonjwa wetu hawatapata tena maambukizi ya damu kwa sababu ya mipira ya kwenye mshipa. Huu ni mpira unaojilinda wenyewe."

Wageni wakapiga makofi. Mke wangu naye akapiga, ana adabu zake.

Nikamuuliza daktari, "Hiyo dawa imepakwa nje tu, au na ndani?"

"Nje na ndani, mzee."

"Na inabanduka?"

"Inatoka kidogo kidogo. Ndivyo inavyofanya kazi. Inadumu wiki kadhaa."

Nilikuwa na swali jingine mdomoni, lakini Mkurugenzi alinikata. "Mzee vipi, unataka kuufungulia duka?"

Wakacheka wote, pamoja na mpiga picha. Nikarudi nyuma. Swali langu lilikuwa hili: imepakwa mpaka wapi? Ningeuliza lile swali, daktari yule angenijibu kwa neno moja, na pengine nisingekuwa naandika haya. Nakilaumu kicheko kile. Namlaumu mtu mzima mwenye madaraka anayemdhihaki mume wa mgonjwa mbele ya watu ili picha itoke vizuri. Nimemlaumu mpaka nimechoka, na bado kuna kitu kinabaki chini, hakitoki hata ukikipiga msasa.

Wakamtoa mke wangu kwenda kubadilishiwa mpira. Mchana, saa ya kuona wagonjwa, nilimkuta na mpira mpya shingoni, plasta ya kuonyesha ndani juu yake, na kwa ndani ya plasta ile rangi ya tofali inaonekana kipande kidogo kabla haijazama kwenye ngozi.

"Nimepigwa rangi, Fundi," akaniambia. Aliniita Fundi tangu tulipooana, akiwa na furaha. Akiwa na hasira nilikuwa Baba Watoto.

"Praima hiyo," nikasema. "Bado koti la juu."

"Usinichekeshe, mshono unauma."

Nikavuta kiti. Nataka nieleze vizuri nilivyojisikia, maana ndipo lilipo jambo lenyewe. Tangu tuingie hospitali ile nilikuwa sijui kitu. Wanazungumza juu ya kichwa changu. Wananiambia saini hapa, nasaini. Wananiambia toka nje, natoka. Mke wangu ananitazama aone kama mambo ni mazuri au mabaya, na mimi sina cha kumwonyesha usoni. Halafu siku hiyo moja, kwa mara ya kwanza, wakaleta kitu ninachokijua. Kitu kimepakwa juu ya kingine. Hiyo ni kazi yangu.

Nikamwambia, "Sikiliza. Ile spiriti wanayosugulia, usikubali tena. Spiriti na rangi ni maadui. Mimi nikitaka kutoa rangi mpya kwenye kioo, nachukua kitambaa na spiriti, inaondoka yote. Wakikusugua kutwa mara ngapi sijui, hiyo dawa itabanduka, utabaki na mpira mtupu kama ule wa kwanza."

Akanitazama. "Lakini huyu binti anasugua kila mara."

"Amezoea mipira ya zamani. Huu unajilinda wenyewe, umemsikia mkubwa wao."

"Kweli hiyo," akasema. Akanishika mkono. "Kumbe una akili, Fundi. Nilidhani nimeolewa na moshi wa kompresa tu."

Nilienda gereji siku hiyo najisikia mrefu.

Kesho yake nilikuwepo Dada Haraka alipokuja na mfuko mpya wa chakula. Akavaa glovu, akachukua pamba. Mke wangu akaweka kiganja juu ya midomo ya mpira.

"Leo hapana, mwanangu. Spiriti inabandua dawa."

"Nani kasema, mama?"

"Najua tu. Rangi na spiriti haviivi chungu kimoja."

Dada Haraka akanigeukia mimi. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, mikono yangu ina madoa ya bluu ya gari la mtu. Nadhani nilitabasamu. Hilo tabasamu nimelirudia mara nyingi mbele ya kioo cha kunyolea, nijue lilikuwa la namna gani.

"Mama, mimi lazima nisugue."

"Lazima gani, na mkubwa wenu amesema unajilinda wenyewe?"

Matroni alikuwa anapita. Mama mnene, mkali, viatu vyake unavisikia tangu ukumbini. Dada Haraka akamwita, akamweleza. Matroni hakusimama hata. Aliangalia shingo ya mke wangu, akaona ile rangi, akasema:

"Ni ile mipya? Basi muache, usigombane na mgonjwa. Una vitanda vingapi vinakusubiri? Na hiyo pamba tumeambiwa tuibanie."

Akaenda zake. Ndiyo, pamba walikuwa wameambiwa waibanie. Mipira ya thamani ilipokuja, vitu vidogo vikapunguzwa. Mtu aliye juu alikaa ofisini akaona kwamba mpira unaojilinda hauhitaji mlinzi mwingine. Nilisikia wauguzi wenyewe wakilalamika kwenye meza yao. Wale ndio wakubwa. Wananunua geti la chuma halafu wanamwachisha kazi anayelifunga.

Dada Haraka alisimama na ile pamba mkononi. Akasema polepole, "Mama, kesho nitakuomba tena." Akaunganisha mfuko bila kusugua.

Na kesho yake aliomba tena, kweli. Mke wangu akamwambia kwa mzaha, "Ukinisugua sikusuki." Keshokutwa hakuomba. Wodi ilikuwa imejaa, kuna ajali ya lori iliyoleta watu sita. Aliunganisha, akapepea. Na waliokuja zamu nyingine walikuta imeshakuwa desturi ya kitanda kile: mama wa dirishani hasuguliwi, Matroni anajua.

Jumatano ya wiki iliyofuata alianza kutetemeka. Haikuchukua muda tangu mfuko mpya uunganishwe. Nilidhani ni baridi, nikamfunika koti langu. Halafu meno yakaanza kugongana, na kitanda chenyewe kikawa kinagonga ukuta, ko, ko, ko, wagonjwa wengine wakageuza vichwa. Nilimshika mabega. Nimeshika mashine nyingi zinazotetemeka maishani mwangu na zote zina swichi.

Daktari alikuja mbio. Akatazama, akapima, akasema wafunge kila kitu kinachopita kwenye mpira ule. Wakachota damu mkononi na nyingine kwenye mpira wenyewe.

"Tunahisi vijidudu vimeingia kwenye damu, mzee. Na njia tunayoishuku ni mpira."

"Lakini umepakwa dawa," nikasema.

"Dawa inapunguza hatari. Haiiondoi."

Inapunguza. Neno hilo Jumanne halikuwepo. Jumanne ile ilikuwa "hawatapata tena", na makofi.

Waliung'oa mpira. Wakamchoma dawa nyingine kwenye mishipa ya mikono, iliyokuwa imeshachoka, ikipasuka moja baada ya nyingine. Presha yake ikashuka. Miguu ikawa ya baridi na kichwa cha moto. Binti yetu alifika jioni kutoka shule anayofundisha, chaki bado kwenye kucha, akakaa upande wa pili wa kitanda na hakuondoka tena.

Ijumaa mchana binti alitoka kwenda kununua maji. Mke wangu akafumbua macho. Alikuwa anapumua kama aliyepanda ngazi.

"Fundi."

"Niko hapa."

"Yule binti wa nywele." Akapumzika kidogo. "Wasije wakamtupia yeye. Alitaka kusugua."

"Usijichoshe."

"Waambie. Waambie ni sisi."

"Nitawaambia."

"Waambie kweli, Baba Watoto."

Aliniita hivyo, na hakuwa na hasira. Wala hakusema wewe. Alisema sisi. Angesema wewe, pengine ningekuwa na kitu cha kubishana nacho. Alifariki Jumamosi kabla ya adhuhuri, binti yetu amemshika mguu kwa sababu mikono yote ilikuwa imejaa sindano.

Hospitali walituita baada ya mazishi. Binti ndiye aliyedai kikao. Ana ulimi, ana elimu, na ana moyo wa mama yake. "Baba, hatunyamazi," aliniambia. "Mtu anaingia na utumbo, anakufa kwa mpira? Watueleze." Na mimi nilikuwa nasema ndiyo, watueleze, tena kwa sauti kubwa kuliko yake. Kila aliyekuja kutupa pole nilimwambia walivyomuua mke wangu: Mkurugenzi na kamera zake, Matroni na pamba zake. Nilikuwa nasema kweli tupu. Na kila nilipomaliza kusema nilikuwa natazama mikono yangu.

Kikao kilikuwa ofisini kwa Mkurugenzi, kwenye meza ndefu yenye kioo juu. Mkurugenzi kichwani, Matroni kulia kwake, daktari kushoto. Dada Haraka aliketi mwisho kabisa karibu na mlango, mikono mapajani. Nywele zake zilikuwa vilevile, mistari imepinda. Aliniamkia. "Shikamoo, baba. Poleni sana." Nikaitikia bila kumtazama.

Mkurugenzi alianza na maneno laini. Halafu akasema wamefuatilia, wamegundua kwamba midomo ya mpira wa marehemu haikuwa inasuguliwa inavyotakiwa, na muuguzi mhusika ni huyu hapa.

Binti akauliza, "Kwa nini haikusuguliwa? Si walituambia mpira unajilinda wenyewe?"

Ndipo daktari akaeleza. Yule mtu sina ugomvi naye sana. Ana macho ya asiyelala. Alitoa mpira mmoja mpya, akaufungua mbele yetu, akauweka kwenye kioo cha meza.

"Dawa imepakwa hapa, sehemu inayokaa ndani ya mwili. Hii ya rangi. Hii midomo ya nje haina dawa. Na vijidudu vingi vinapitia hapa, kwenye mikono ya sisi tunaounganisha. Mpira uwe umepakwa au haujapakwa, midomo inasuguliwa."

Nikauangalia mdomo ule kwa karibu. Ulikuwa mweupe. Kwenye shingo yake palikuwa na meno ya kuzungushia kifuniko, kama meno ya bolti.

Meno ya bolti hayapigwi rangi. Hilo ni jambo ninalomfundisha mtu siku ya kwanza akiingia gereji kwangu. Ukitaka kupiga rangi, kwanza unafunika: unaweka tepu na gazeti kwenye vioo, kwenye mpira wa mlango, kwenye kila bolti itakayofungwa tena. Pale kitu kinapoungana na kingine, rangi haikai. Nimefunika bolti maisha yangu yote. Na midomo ile mitatu ilining'inia mbele ya macho yangu kila siku, myeupe, meno nje, pembeni ya mpira wa rangi ya tofali. Sikuhitaji daktari. Sikuhitaji hata kumuuliza mtu. Nilihitaji kutazama tu, kwa macho niliyojisifia nayo.

Nikainamia kile kioo cha meza. Binti akadhani ni uchungu, akaniwekea mkono begani.

"Kwa hiyo kutosugua ndiko kulikomuua?" akamuuliza daktari.

"Siwezi kusema kwa hakika. Hata ukisugua kila mara, inaweza kutokea. Alikuwa dhaifu, alikuwa na kidonda tumboni, chakula kile cha mshipani vijidudu vinakipenda. Lakini kutokusugua kunaongeza hatari."

Mkurugenzi akakohoa. "Ndiyo maana tumemsimamisha muuguzi huyu kazi wakati uchunguzi unaendelea."

Dada Haraka aliinua uso. "Nilitaka kusugua, mheshimiwa. Mgonjwa alikataa. Nikamwita Matroni."

"Mimi?" Matroni akageuka na kiti kizima. "Mimi sikumbuki kitu kama hicho."

Hapo nikasimama. Sikupanga kusimama.

"Mama, usiseme hukumbuki," nikamwambia Matroni. "Nilikuwepo. Ulipita, ukasema muache, usigombane na mgonjwa, pamba tumeambiwa tuibanie. Hukusimama hata. Yule binti alisimama na pamba mkononi kama mwizi. Msimtupie yeye!"

Nilikuwa nahema. Nilimwona Dada Haraka anafuta macho kwa kiganja. Nikajisikia, kwa muda mfupi tu, kama mtu aliyetimiza alichoagizwa. Waambie, alisema. Si nimewaambia?

Matroni akatulia. Watu wa namna hiyo wakibanwa ndipo wanapotulia.

"Sawa, mzee. Pengine nilisema. Lakini nilisema kwa sababu mgonjwa alikuwa amekataa katakata. Muuguzi aliniambia sababu yake: mgonjwa anasema spiriti inabandua dawa. Mgonjwa hawezi kujitungia maneno kama hayo. Alikuwa msusi, siyo mkemia. Kuna mtu alimtia hilo kichwani, na kama ni mfanyakazi wetu, huyo ndiye tunayemtafuta."

Mkurugenzi akaangalia mlangoni, kwa Dada Haraka. Wote wakaangalia kule.

"Siyo mimi," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilimuuliza mama nani kasema. Akaniambia anajua tu."

Kisha akanitazama mimi. Hakunitazama kwa ubaya. Alinitazama kama siku ile, pamba mkononi, anasubiri mtu mzima aseme neno. Nikajua kwamba anajua, au alikaribia kujua. Mikono yangu ilikuwa juu ya kioo cha meza, na chini ya kucha palikuwa na rangi nyeupe ya gari la harusi nililomaliza jana yake. Niliitoa mezani, nikaitia mifukoni.

Yalikuwa maneno machache tu. "Ni mimi niliyemwambia." Mtoto wa darasa la kwanza anayasema. Lakini niliona kitakachofuata: Mkurugenzi atapumua, atafunga faili, kila kitu kitakuwa kosa la mume mjinga. Pamba zitaendelea kubaniwa. Kamera zitarudi. Watu wale watatoka pale wasafi kama vioo, kwa mgongo wangu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na si ya uongo. Ya pili ni kwamba binti yangu alikuwa amesimama pamoja nami, mkono wake bado begani kwangu.

Nikakaa.

"Basi," akasema Mkurugenzi, "tutaendelea kuchunguza. Muuguzi atabaki nyumbani mpaka tumjue aliyesema."

Tulitoka nje, mimi na binti. Jua lilikuwa kali, tukasimama kwenye kivuli cha kibanda cha mlinzi kusubiri gari la jirani. Baada ya muda Dada Haraka akatoka kwa mlango wa pembeni, hana sare, ana mfuko wa plastiki wenye viatu vyake vyeupe vya kazini. Kwa mara ya kwanza nilimwona akitembea taratibu. Alipofika getini alisita, kama anataka kuja tulipo. Nikainamisha kichwa. Akapita.

Binti alimfuata kwa macho mpaka akakunja kona.

"Sijui nimchukie au nimwonee huruma," akasema. "Analia kama asiye na kosa. Lakini mama asingeyatoa hewani maneno yale. Mama alikuwa anamwamini mtu ndipo anamsikiliza, si unamjua?"

"Namjua," nikasema.

Akanigeukia, akanishika mkono, ule ule uliokuwa na nyeupe chini ya kucha, akaushika kwa mikono yake miwili.

"Baba, wewe ulikuwa pale kila siku. Nani alimwambia mama kwamba spiriti inabandua dawa?"